Siku Mbili Dresden: Namna ya Kutembelea Grünes Gewölbe, Nyumba ya Vito na Kazi za Masonara

Almasi, Lulu, Marijani, Feruzi. Kwetu haya ni majina ya watu kabla hayajawa majina ya vitu, na wengi tunaoyaita kila siku hatujawahi kushika kitu chenyewe mkononi. Kuna jumba moja mashariki mwa Ujerumani, mjini Dresden, ambamo vyote hivyo vimekusanywa pamoja na yakuti, zumaridi, akiki, kaharabu, pembe za ndovu na mayai ya mbuni. Jumba hilo linaitwa Grünes Gewölbe.

Wageni wengi huenda kwa ajili ya almasi moja ya kijani. Huipata, huitazama dakika tatu, hutoka. Huko ni kulipa nauli ya kuona bei. Watawala waliokusanya hazina hii walikuwa na mawe ya kutosha, na walichokitafuta ni mikono ya masonara, wachongaji na wakereza wa kuyafanyia kazi. Mwongozo huu nimeuandika kwa anayetaka kuiona mikono hiyo.

Kabla ya yote: ni makumbusho mawili

Hapa ndipo watu hupotea, kwa hiyo tulimalize mapema. Ndani ya jumba la kifalme la Dresden, Residenzschloss, kuna Grünes Gewölbe mbili. Ya Kihistoria iko ghorofa ya chini: vyumba vilivyopambwa kama vilivyokuwa katika karne ya 18, vitu karibu 3,000, vingi vikiwa wazi kwenye rafu mbele ya vioo vya kujitazamia. Mpya iko ghorofa ya juu: vitu kama 1,100 vilivyochaguliwa kimoja kimoja na kuwekwa ndani ya makabati ya kioo yenye taa nzuri. Ya chini ina tiketi yake maalumu yenye saa ya kuingia. Ya juu huingia katika tiketi ya kawaida ya jumba zima. Ukinunua moja ukidhani umenunua zote, utagundua mlangoni.

Jina lenyewe maana yake ni vyumba vya kijani vyenye dari za matao. Halitokani na zumaridi wala na ile almasi. Nguzo za vyumba vya mwanzo zilipakwa rangi ya kijani cha malakiti kwenye vitako na vichwa vyake, watu wakaviita hivyo, jina likabaki hata rangi ilipotoweka.

Vyumba hivyo vilikuwa stoo ya siri ya watawala wa Saxony, dola ambayo Dresden ulikuwa mji wake mkuu, yenye kuta nene mno. Fedha ilitoka karibu: huko Freiberg, kilomita kama 40 kutoka Dresden, mshipa wa fedha uligunduliwa mwaka 1168, na migodi ile ndiyo iliyowanenepesha. Aliyeifungua stoo iwe mahali pa kutembeza wageni ni August, aliyeitwa Mwenye Nguvu, mtawala wa Saxony ambaye tangu 1697 alikuwa pia mfalme wa Poland. Kati ya 1723 na 1729 alijenga mfuatano wa vyumba uliopangwa ili mgeni azidi kushangaa kila anapovuka kizingiti. Kwa maneno mengine, alijenga makumbusho kabla watu wa Ulaya hawajazoea kitu hicho.

Februari 1945 mabomu yaliuteketeza mji. Vyumba vitatu kati ya vinane viliharibika kabisa. Hazina yenyewe ilikuwa imeshahamishiwa ngome ya Königstein, ikapona, kisha jeshi la Kisovieti likaichukua. Ilirudi mwaka 1958. Ile ya juu ilifunguliwa 2004 na ya chini 2006. Kwa hiyo chini utaona vitu vya asili katika kuta ambazo baadhi zimejengwa upya. Halipunguzi kitu, ila ni vizuri kulijua.

Hatua ya 1: tiketi

Nunua tiketi ya Grünes Gewölbe ya Kihistoria kabla ya tiketi ya ndege kama unaweza, au angalau kabla ya hoteli. Idadi ya watu wanaoruhusiwa ndani kwa saa moja imewekewa mpaka, kwa sababu ya vumbi na unyevu wa pumzi zetu. Hununuliwa kwenye tovuti ya makumbusho ya serikali ya Dresden, Staatliche Kunstsammlungen Dresden. Chache huuzwa dirishani siku hiyohiyo, lakini msimu wa joto na wakati wa masoko ya Krismasi usizitegemee.

Jumanne jumba hufungwa. Narudia kwa sababu ni kosa la kawaida: Jumanne jumba hufungwa.

Chagua saa ya mchana kwa ile ya chini, kama saa nane. Asubuhi yote utakuwa juu, na sababu nitaieleza. Angalia pia namna unavyosoma saa: tiketi ikiandikwa 14:00, hiyo ni saa nane kwa saa zetu. Ndugu na jamaa waliokaa Ulaya miaka mingi watacheka, lakini mgeni aliyetoka Morogoro juzi ajihadhari. Ukichelewa, nafasi yako imekwenda.

Hatua ya 2: safari

Anayetoka Tanzania, Kenya au Uganda atahitaji viza ya Schengen. Ombi linaweza kupelekwa hadi miezi sita kabla ya safari. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Tiketi ya makumbusho ni karatasi nzuri ya kuambatanisha na ratiba yako, ingawa peke yake haimshawishi mtu.

Kutoka Berlin ni treni ya saa mbili hivi. Kutoka Prague ni saa mbili na nusu hivi, na njia hiyo ni bora, kwa sababu reli inafuata mto Elbe kati ya majabali na ngome ya Königstein unaiona juu ya mlima ukiwa dirishani. Kutoka stesheni kuu ya Dresden ni mwendo wa miguu wa dakika 20 moja kwa moja kupitia Prager Straße.

Hatua ya 3: asubuhi, panda juu

Anza na ile Mpya. Chini vitu ni vingi kiasi kwamba jicho lisilozoea huona mng'ao tu. Juu kila kazi imesimama peke yake, unaweza kuizunguka pande zote na kulizoeza jicho.

Weka mizigo kwenye makabati. Chukua kifaa cha kusikilizia maelezo, Kiingereza kimo. Kuhusu kupiga picha, tazama alama kila mlango, na kamwe usiwashe mwanga wa kamera. Wale wenzangu wa Arusha waliozoea kutoa tochi mfukoni kila wakionyeshwa jiwe, tochi ibaki hotelini.

Sasa, namna ya kutazama. Usianze na kusoma kibao. Jiulize maswali matatu kwanza: hiki kimetengenezwa na nini, kimeshikizwa vipi, na kilikuwa cha kazi gani. Jibu la swali la tatu mara nyingi ni "hakikuwa na kazi", na hapo ndipo mambo yanapoanza kunoga.

Kazi tano zinatosha kujaza asubuhi nzima. Nyingine pitia tu.

Ya kwanza ni merikebu ya pembe ya ndovu ya Jacob Zeller, ya mwaka 1620. Matanga yake ni pembe iliyokwanguliwa ikawa nyembamba kama karatasi, yakajipinda kama yaliyojaa upepo. Mtu wa pwani aliyewahi kuona tanga likituna ataelewa kwa nini nasema simama hapa. Karibu yake kuna minara ya pembe iliyokerezwa: mpira ndani ya mpira, nguzo zilizosokotwa, vikombe vilivyopangana juu ya ncha moja. Jambo la ajabu ni kwamba watawala wenyewe walijifunza ukereza. Mtawala August wa karne ya 16, si yule Mwenye Nguvu, alikuwa na mwalimu wa kukereza, na alisimama kwenye kerezo kwa mikono yake. Pembe yenyewe, bila shaka, ilikuwa na historia yake ya damu kabla ya kufika kwenye kerezo la mtawala, na kibao hakikusimulii yote.

Ya pili ni kokwa. Kokwa ya tunda la cheri, iliyochongwa vichwa vya watu 185 kwa hesabu iliyoandikwa zamani, ikaning'inizwa kwenye kipambo cha dhahabu. Ilikuwapo kabla ya 1589. Thamani yake haiko kwenye vito. Kuna kokwa ya kutupwa na mtu aliyekuwa na subira isiyo ya kawaida. Tumia kioo cha kukuzia kilichowekwa, na wapishe wengine.

Ya tatu ni ikulu ya Delhi. Johann Melchior Dinglinger, sonara wa ikulu ya Dresden, alifanya kazi hii na ndugu zake kuanzia 1701 hadi 1708. Ni jukwaa la dhahabu na fedha lenye upana wa karibu mita moja na nusu, na juu yake ni sherehe ya siku ya kuzaliwa ya Aurangzeb, mfalme wa Wamoguli wa India. Wamebaki watu na wanyama 132, kila mmoja amepakwa enameli, rangi ya kioo iliyoyeyushwa juu ya dhahabu, na almasi awali zilikuwa zaidi ya 5,000. Mabwana wakubwa wanaleta zawadi: tembo, farasi, ngamia, masanduku. Dinglinger hakuwahi kufika India. Alisoma habari za wasafiri na kuzikamilisha kwa akili yake. Aurangzeb alifariki 1707, kazi ikiwa bado mezani.

Hapa kaa nusu saa. Chagua mtu mmoja mdogo pembezoni, si mfalme, umfuate: amevaa nini, amebeba nini, anamtazama nani. Kisha fuata mwingine. Mimi nilianza na mlinda tembo nikajikuta nimesahau kabisa kwamba kuna almasi. Ni India ya mtu asiyeiona, ya kumpendeza mfalme wake aliyetamani utawala usioulizwa maswali kama wa Delhi. Ukishaona hivyo, kazi yote inageuka kuwa barua ya sonara kwa bwana wake.

Ya nne itakugusa vingine. Ni sanamu ya mtu mweusi, ya Balthasar Permoser na mafundi wenzake wa miaka ya 1720, aliyebeba sinia lenye jabali la zumaridi. Jabali hilo ni fuwele za zumaridi za Kolombia zilizoshikana na mwamba, zawadi ya Kaisari Rudolf II kwa mtawala wa Saxony mwaka 1581. Lakini mbebaji ana sura ya Mwafrika na mavazi ya wenyeji wa Amerika: taji la manyoya, michoro mwilini, vito kifuani. Kwa fundi wa Dresden, aliyetoka mbali ni aliyetoka mbali. Jina lake la zamani lilikuwa na neno ambalo leo Wajerumani wengi hulihesabu kuwa tusi. Zumaridi utaisifu, na sanamu utaitazama kwa jicho jingine. Yote mawili ni halali kwa wakati mmoja.

Ya tano ndiyo almasi ya kijani. Ina karati 41. Karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo ni gramu nane na ushee tu, usitarajie yai. August III, mwana wa yule Mwenye Nguvu, aliipata miaka ya mwanzo ya 1740, na mwaka 1768 ikawekwa kwenye kipambo cha kofia pamoja na almasi nyeupe, ndivyo ilivyo hadi leo. Ni almasi ya asili ya kijani iliyo kubwa kuliko zote zinazojulikana. Rangi imetokana na mionzi ya asili ardhini iliyolipiga jiwe kwa muda mrefu mno. Almasi nyingi zilizopigwa hivyo huwa kijani juujuu tu, kama ganda. Hii ni kijani hadi moyoni. Wanaoijua tanzanaiti wanajua pia jinsi jiwe la kahawia linavyotiwa moto likatoka buluu. Huku fundi aliyelipika jiwe ni ardhi yenyewe.

Hatua ya 4: kula, keti

Usiruke hatua hii. Toka nje, tembea hadi ukingoni mwa Elbe, kula. Macho yamechoka kuliko unavyodhani. Kama una saa ya ziada, humohumo ndani ya jumba kuna Türckische Cammer, chumba cha vitu vya Kiosmani, chenye hema la hariri na pamba lenye urefu wa mita 20. Ni giza na kimya, na kwa macho yaliyojaa mng'ao ni dawa.

Hatua ya 5: mchana, shuka chini

Utapita mlango wa vioo wa kuzuia vumbi, mmoja ukifunga ndipo mwingine unafunguka. Mkoba haukubaliwi, koti kubwa haliruhusiwi, picha hakuna. Vitu viko wazi, unaweza kuvifikia kwa mkono. Usiunyooshe. Ukiwa na mtoto mdogo, mshike mkono tangu mlango wa kwanza, au mbaki juu kwa zamu.

Mfuatano wa vyumba ndio kazi ya sanaa yenyewe, kwa hiyo usirukeruke. Unaanza na chumba cha kale chenye pete ya muhuri ya Martin Luther, kisha kaharabu. Kaharabu ni utomvu wa misonobari ulioganda kwa mamilioni ya miaka, na kabati kubwa lililotengenezwa kwa utomvu huo lilitoka Königsberg kama zawadi ya mfalme wa Prussia mwaka 1728. Halafu pembe. Halafu chumba cha fedha nyeupe chenye kuta nyekundu kabisa, kilichopoteza vyombo vyake vingi vilivyoyeyushwa serikali ilipokosa pesa. Halafu fedha iliyopakwa dhahabu.

Halafu ghafla ukumbi wa vioo, Pretiosensaal. Hapa punguza mwendo. Humu ndimo utakapokuta ganda la nautilasi, jamaa wa pweza mwenye ganda, limepewa miguu ya fedha likawa kikombe; marijani, akiki, bilauri ya mwamba, jiwe angavu kama kioo, iliyokatwa kama maji yaliyosimama. Tafuta mbuni wa Elias Geyer, sonara wa Leipzig mwishoni mwa karne ya 16: kiwiliwili ni yai halisi la mbuni, shingo na miguu ni fedha iliyopakwa dhahabu. Fikiria safari ya yai lile, kutoka mchanga wa Afrika hadi meza ya Leipzig, bila kupasuka!

Jaribu jambo hili: simama ukitazama kioo cha ukutani badala ya kikombe. Utakiona kwa nyuma, na utaona jinsi mwanga unavyorukaruka chumba kizima. Vyumba hivi vilipangwa kwa mwanga wa mchana na mishumaa. Mawe mengi ya wakati ule yalikatwa kwa mkato wa waridi, bapa chini na mgongo wa pembe tatu tatu juu, na huwaka taratibu, kama jivu lenye moto ndani. Mkato wa brilianti uliofuata humeta kwa nguvu zaidi. Ukijua tofauti hiyo, chumba cha johari kilicho mbele utakisoma bila kibao.

Hatua ya 6: chumba cha johari na nafasi zilizo tupu

Juwelenzimmer ndicho kilele alichokikusudia August. Alikuwa na seti za mapambo kwa kila aina ya jiwe: vifungo, upanga, nishani, kipambo cha kofia, vyote vya yakuti ya buluu, seti nyingine ya zumaridi, nyingine ya yakuti nyekundu, ya akiki nyekundu, na hata ya ng'amba. Ndiyo, gamba la kasa, kitu ambacho masoko ya pwani yetu yalikiuza kwa karne nyingi, kilihesabiwa humu pamoja na almasi.

Alfajiri ya 25 Novemba 2019 wezi walipitia dirishani baada ya kukata nondo na wakavunja kioo cha kabati kwa shoka. Almasi ya kijani haikuwapo jumbani siku hiyo: ilikuwa New York, kwenye maonyesho ya Metropolitan Museum. Vitu vingi vilivyoibwa vilipatikana Desemba 2022, vingine vikiwa vimeharibika, na Mei 2023 mahakama ya Dresden iliwahukumu wanaume watano vifungo. Tangu 2024 vilivyopatikana vimerudi chumbani. Lakini kipambo cha bega chenye almasi nyeupe ya Saxony, karibu karati 50, hakijaonekana. Tafuta mahali pake. Watu hupita wakitazama vilivyopo, na alama za kutokuwepo nazo ni sehemu ya hazina sasa.

Baada ya hapo kuna chumba cha shaba nyeusi, sanamu bila jiwe hata moja. Wengi hukipita mbio wakitafuta mlango wa kutokea. Kwangu ni chumba cha kuvutia pumzi.

Hatua ya 7: siku ya pili, Freiberg

Treni ya kutoka Dresden hadi Freiberg ni dakika 40 hivi. Shuka, tembea hadi Schloss Freudenstein, na uingie terra mineralia, makumbusho ya mawe yaliyofunguliwa 2008. Humu hakuna sonara. Ni madini zaidi ya 3,500 kama yalivyotoka ardhini, na yamepangwa kwa mabara. Mji huu ulikuwa na chuo cha madini tangu 1765, kwa hiyo wanajua wanachokionyesha.

Anza na Afrika. Soma majina ya migodi kwenye vibao polepole, na ukiwa na mtoto mwache ayasome kwa sauti.